Kuacha, Kuambatana, Kuwa Mwili Mmoja: Ndoa Ilianzia Wapi?

SOMO LA WIKI
Maandiko ya kusoma nyumbani: Mwanzo 2:18–25, Mwanzo 24, Yohana 4:16–18, Waefeso 5:25–33



Jumapili iliyopita, baada ya ibada ya pili, ndugu mmoja alinishika mkono pale mlangoni akanivuta kando. Ni mtu tunayemheshimu. Jumamosi jioni wengi wetu tukiwa nyumbani, yeye yuko hapa akipanga viti. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Pasta, neno la leo limenigonga. Mimi na mama watoto tumekaa miaka tisa. Tuna watoto watatu. Na bado hatujafunga ndoa. Sasa mbele za Mungu, sisi ni nini?"

Sikumjibu papo hapo. Nilimwomba anipe wiki moja. Somo hili ndilo jibu langu kwake, na pia kwa wengine, kwa sababu najua hayuko peke yake. Kutoka Uthiru, Kangemi na Kawangware mpaka vyumba vya juu ya maduka kule River Road, wako wengi wanaoishi kwa njoo-tukae. Tunajua vile inaanza. Kijana amepata kazi, amekodisha chumba. Msichana anakuja kumsalimia wikendi, anaacha mswaki. Wikendi inayofuata analeta sufuria. Kabla mwezi haujaisha, keateka wa ploti ameanza kumwita "mama". Hakuna mtu aliyeuliza swali, na hakuna mtu aliyelijibu.

Basi turudi mwanzo kabisa tuone Mungu alianzaje.

1. NDOA NI YA ZAMANI KULIKO KANISA NA SERIKALI

Katika Mwanzo sura ya 1, mara nyingi Mungu anapoumba kitu anakitazama na kukiona ni chema. Kitu cha kwanza ambacho Mungu anasema si chema kiko Mwanzo 2:18: mtu kuwa peke yake. Angalia vizuri. Adamu alikuwa na kazi. Alikuwa na mahali pa kukaa bila kudaiwa kodi. Alikuwa na ushirika na Mungu, na dhambi ilikuwa bado haijaingia. Na bado Mungu akasema kuna kitu kinakosekana. Kwa hivyo ndugu na dada ambao hamjaoa au kuolewa na mnajisikia upweke, msidhani hiyo ni dalili ya kukosa imani. Hata Bustani ya Edeni haikumwondolea Adamu upweke.

Mungu anaahidi kumfanyia msaidizi. Hapa wanaume wengi tumeelewa vibaya, tukadhani ni msaidizi wa jikoni. Neno la Kiebrania lililotumika pale ni "ezer", na mara nyingi katika Agano la Kale neno hilo linamhusu Mungu mwenyewe, kama katika Zaburi 70:5 na Kumbukumbu la Torati 33:7, pale Mungu anapoitwa msaada wa watu wake. Je, Mungu akiwa msaada wa Israeli, anakuwa chini ya Israeli? Hapana. Msaidizi ni yule ambaye bila yeye ungeangamia.

Na lile neno lililotafsiriwa "ubavu" linatumika pia katika Kutoka 25:12 kwa ubavu, yaani upande, wa Sanduku la Agano. Mke alitoka ubavuni, na mahali pake ni kando ya mumewe.

Halafu mstari wa 22 unasema Mungu mwenyewe alimleta Hawa kwa Adamu. Unaona? Yeye ndiye alikuwa kama baba wa bibi harusi. Na maneno ya kwanza ya mwanadamu ambayo Biblia imetuandikia ni maneno ya furaha ya mwanamume aliyemwona mke wake. Haya yote yalitokea kabla ya kanisa, kabla ya serikali, kabla ya mahari. Kwa hivyo mtu asikudanganye ati ndoa ya Kikristo ni kitu cha wazungu. Gauni jeupe ndilo la wazungu. Lilienea sana baada ya Malkia Victoria kulivaa kwenye harusi yake mwaka wa 1840. Ndoa yenyewe ilianza kwa Mungu.

2. HATUA TATU, NA KILA MOJA INA NAFASI YAKE

Sasa tuingie Mwanzo 2:24. Mstari huu una hatua tatu: mwanamume anamwacha baba na mama, anaambatana na mke wake, wanakuwa mwili mmoja. Lakini Adamu hakuwa na baba wala mama wa kuacha! Kwa hivyo mstari huu haukuandikwa kwa ajili ya Adamu. Uliandikwa kwa ajili yako na yangu. Na Bwana Yesu alipoulizwa na Mafarisayo kuhusu talaka katika Mathayo 19, hakuanza na sheria ya Musa. Aliwarudisha kwa mstari huu.

Kuacha. Huwezi kuwaacha wazazi bila wao kujua. Ukiondoka kimyakimya umetoroka, hujaacha. Kuacha ni jambo la hadharani. Pande mbili zinajua, na zinabariki. Tena angalia anayetajwa hapa ni mwanamume. Katika Israeli, kama kwetu, mara nyingi ni msichana aliyehamia kwa kina mume. Kwa hivyo kuacha si habari ya nani amebeba mizigo. Ni habari ya neno la nani linakuja kwanza nyumbani kwako. Kuna mwanamume wa miaka 35, ana ofisi nzuri Westlands, lakini hawezi kununua friji kabla hajampigia mama yake simu. Huyo alihama. Hajaacha.

Kuambatana. Neno hili kwa Kiebrania linamaanisha kushikamana, kugandamana. Ndilo linalotumika katika Ruthu 1:14, Orpa alipombusu mkwe wake akarudi kwao, lakini Ruthu akashikamana naye. Ndilo linalotumika katika Kumbukumbu la Torati 10:20, kwa Israeli kuambatana na Mungu wao. Kwa hivyo hapa tunaongea juu ya agano. Malaki 2:14 inasema wazi kwamba mke ni mke wa agano, na kwamba Mungu mwenyewe alikuwa shahidi.

Wacha nieleze tofauti, kwa sababu kabla Mungu hajaniita nilisomea biashara. Tulifundishwa kwamba ukiletewa mkataba, usikimbilie ukurasa wa bei. Tafuta kwanza kile kipengele kinachosema utatokaje. Mkataba unasema: wewe ukifanya hivi, na mimi nitafanya hivi, ukikosa, nimetoka. Na kwa biashara hiyo ni sawa kabisa. Lakini soma Mwanzo 15. Mungu anafanya agano na Abramu, wanyama wanakatwa vipande viwili, na kulingana na desturi ya siku zile wanaofanya agano wangepita katikati. Abramu anapatwa na usingizi mzito. Anayepita katikati, kwa moto, ni Mungu peke yake. Hiyo ndiyo roho ya agano: ninajifunga mimi kwanza, hata kabla ya kuona wewe utafanya nini.

Sasa njoo-tukae iko wapi? Haijafika hata kwenye mkataba. Hakuna aliyeahidi kitu. Ni kama bidhaa ya kujaribu: ikikufaa unaendelea nayo, isipokufaa unarudisha. Lakini mtu si bidhaa. Na ukweli ni kwamba katika majaribio haya, mara nyingi anayerudishwa ni dada, akiwa na mtoto mgongoni.

Mwili mmoja. Hii inakuja mwisho. Si kitanda peke yake, ni maisha yote: furaha, madeni, magonjwa, wazazi wa kila upande. Mungu aliweka tendo la ndoa ndani ya agano ili mtu anapojitoa wote, awe anajitoa mahali palipo salama.

Wapendwa, shida ya mji wetu ni kwamba tumegeuza mpangilio. Tunaanza na hatua ya tatu, ya pili tunaiahirisha, na ya kwanza tunaikumbuka wakati kuna matanga. Tumeezeka paa, sasa tunazunguka tukitafuta mahali pa kuweka msingi.

3. "LAKINI PASTA, ISAKA ALIMWINGIZA REBEKA HEMANI TU"

Vijana wetu wanasoma Biblia, na hili nimeulizwa zaidi ya mara moja. Ni kweli Mwanzo 24:67 inasema Isaka alimwingiza Rebeka katika hema ya mama yake, akawa mke wake. Hakuna keki, hakuna msafara wa magari, hakuna cheti. Lakini usisome mstari wa 67 ukaruka mistari 66 iliyo mbele yake! Mzee Abrahamu alimtuma mtumishi na ngamia kumi. Mtumishi aliomba Mungu amwongoze. Alikaa na familia, akaeleza nia yake hata kabla ya kukubali chakula. Zawadi zilitolewa kwa msichana, kwa ndugu yake na kwa mama yake. Kisha, katika mstari wa 57 na 58, wakamwita Rebeka wakamuuliza yeye mwenyewe kama atakwenda, naye akajibu kwamba atakwenda. Mwisho familia ikambariki. Hema ilikuja baada ya hayo yote.

Kwa hivyo mila zetu za posa hazipingani na Biblia. Ruracio ya Wakikuyu, ayie ya Wajaluo, na desturi za jamii nyingine ni njia ya familia mbili kusema: tunajua, na tumekubali. Wazazi, nawasihi kitu kimoja. Zile zawadi za ngamia kumi zilikuwa za heshima. Mahari ikigeuka kuwa bei, ikapanda kwa sababu binti ana digrii, mnawafungia watoto wenu mlango, halafu mnashangaa wamepitia dirishani. Na jambo lingine: Rebeka aliulizwa. Msichana ambaye hajaulizwa hajaolewa kwa njia ya Biblia.

4. YESU ALIONA TOFAUTI

Katika Yohana 4, Yesu anamwambia mwanamke Msamaria kwamba amekuwa na waume watano, na yule anayeishi naye sasa si mume wake. Fikiria jambo hilo. Kama kuishi pamoja kungetosha kufanya ndoa, Yesu angehesabu waume sita. Alihesabu watano na mtu mmoja.

Lakini usikose upande wa pili. Yesu alimwambia ukweli huo akiwa ameketi naye kisimani, akiwa amemwomba maji, na akiwa tayari amemwahidi maji ya uzima. Hakumtangaza sokoni. Kanisa, tujifunze hapo. Tumekuwa wepesi wa kumwondoa dada kwenye kwaya, na wazito wa kuketi naye kisimani.

5. SHERIA YA KENYA INASEMA NINI?

Wengine watasema, "Mungu anajua mioyo yetu, cheti ni karatasi tu." Sawa. Lakini kumbuka kuacha ni kwa hadharani, na leo hadharani yetu ni pamoja na serikali.

Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 2014 inatambua aina tano za ndoa: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Zote zinatakiwa kusajiliwa, na kila mmoja lazima awe ametimiza miaka 18. Ndoa ya Kikristo ni ya mume mmoja na mke mmoja. Ile ya kimila inaweza kuwa ya wake wengi, na mnakumbuka mjadala uliotokea Bungeni Machi 2014, wakati wabunge wengi wanaume walipoondoa sharti la mke wa kwanza kushauriwa, na wabunge wanawake wakatoka nje kwa hasira. Sisi tunarudi kwa Edeni: Mungu alitoa ubavu mmoja, akaleta mke mmoja. Wa kwanza kuoa wawili ni Lameki, Mwanzo 4:19, mtu wa ukoo wa Kaini aliyejisifu kwa kuua. Ndiyo, Yakobo naye alikuwa na wake wengi, lakini soma habari za nyumba yake uone kama kulikuwa na amani.

Njoo-tukae haimo katika zile tano. Kwa miaka mingi mahakama zetu zimeweza kuchukulia kwamba watu waliokaa pamoja muda mrefu ni mume na mke. Lakini Januari 2023, Mahakama ya Juu ilisema njia hiyo itumike kwa nadra sana. Katika kesi hiyo watu wawili walikuwa wameishi pamoja miaka mingi, wakaja kugombania mali, na majaji wakaamua kwamba hawakuwa mume na mke. Kwa hivyo anayesema "tumekaa sana, hiyo ni ndoa tayari", asitegemee sana.

Nimeona uchungu wa jambo hili kwa macho yangu. Nilisimama na dada mmoja nje ya chumba cha maiti. Mwanamume waliyeishi pamoja miaka kumi na moja alikuwa amelala ndani. Ni yeye alimwosha alipougua, ni yeye aliuza cherehani yake kulipia dawa. Watu wa ukoo walifika kutoka nyumbani na kumuuliza swali moja tu: "Wewe ni nani?" Hakuwa na cheti. Hakukuwa na siku ambayo wazee wa kwao walikutana na wazee wa kwake. Alizika kama mgeni, akisimama nyuma na watoto wake. Yule mwanamume alimpenda, sina shaka. Lakini hakumwachia jina. Akina baba mnaosoma hapa, upendo ambao hautaki kujulikana unamwacha mtu wako uchi siku ambayo hutakuwepo kumtetea.

6. KIKWAZO NI PESA, NA SISI TUMECHANGIA

Nikiuliza watu kwa nini hawajafunga ndoa, ni wachache wanaosema hawataki. Wengi wanasema, "Pasta, tunajipanga." Wanajipanga kwa miaka tisa.

Hapa lazima nitubu mbele yenu. Mimi na mke wangu tulipofunga ndoa, nilitengeneza bajeti kama mtu wa biashara, na bado nikaivunja. Kamati ya harusi, hema, mapambo, magari, mpiga picha. Nilichukua mkopo wa SACCO kujaza pengo. Harusi iliisha saa kumi na mbili jioni. Mkopo uliisha baada ya miaka miwili na nusu. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu tulikuwa tunagombana juu ya pesa ambazo wageni walishazila. Na sasa vijana wakiona picha za harusi yangu, wanafikiri hicho ndicho kipimo. Sisi watumishi tumefundisha neno kwa mdomo, na kwa harusi zetu tumefundisha kitu kingine.

Wacha niseme wazi ni nini kinahitajika kufunga ndoa ya Kikristo katika Kenya. Mume na mke mtarajiwa walio huru na waliotimiza umri. Notisi ya maandishi kwa mchungaji, siku zisizopungua 21 kabla ya siku yenyewe. Mchungaji mwenye leseni. Mashahidi wawili. Basi! Keki haimo katika sheria, na haimo katika Biblia. Hata kule Kana, Yohana 2, divai ilipokwisha ndoa haikuvunjika. Yesu alikuwa amealikwa, na hilo ndilo lililookoa siku.

7. SIRI ILIYO NDANI YA NDOA

Katika Waefeso 5:31–32, Paulo anarudia ule mstari wa Mwanzo kisha anasema ni siri kubwa, naye anasema habari za Kristo na Kanisa. Yaani Mungu alipompa Adamu mke, tayari alikuwa anachora picha ya Mwanawe. Yesu alimwacha Baba. Aliambatana na sisi mpaka msalabani. Na ametufanya mwili wake. Adamu alilala usingizi na ubavu wake ukafunguliwa, akapata bibi arusi. Kristo alilala katika mauti, ubavu wake ukachomwa mkuki. Biblia inafungua na ndoa bustanini, inafunga na karamu ya arusi ya Mwana-Kondoo katika Ufunuo 19.

Yesu hakutujaribu kwanza aone kama tutamfaa. Warumi 5:8 inatuambia alitufia tukiwa bado wenye dhambi. Ndiyo maana ndoa ya Kikristo haiwezi kuwa "tuone kama itafanya kazi". Ingekuwa inahubiri Kristo mwingine.

JIBU LANGU KWA NDUGU YULE

Ndugu yangu, uliniuliza ninyi ni nini mbele za Mungu. Sitakuambia yote ni sawa, kwa sababu ningekuwa nakudanganya. Na sitakuambia ninyi ni takataka, kwa sababu Mungu hasemi hivyo. Ninyi ni watu waliojenga bila kuweka msingi, na mwenye nyumba bado yuko tayari kusaidia. Miaka tisa ya kulea watoto pamoja, ya kulipa karo, ya kukaa na mmoja akiwa hana kazi, haiwezi kutupwa. Iletwe madhabahuni.

Anza na hatua ya kwanza. Nenda kwa wazazi wake, hata kama umechelewa miaka tisa. Enda na mzee mmoja wa kanisa, enda na kidogo ulicho nacho, na useme, "Tumekosa." Muulize mama watoto mwenyewe, kama Rebeka, kama atakubali, usidhani. Kisha njooni ofisini, tuketi, tuombe. Namna mtakavyoishi mpaka siku hiyo tutaizungumza sisi watatu kwa faragha. Halafu Jumapili moja, baada ya ibada ya pili, mtasimama mbele. Watoto wenu watatu watakaa viti vya kwanza, vile umekuwa ukivipanga kwa ajili ya wengine. Chai na mandazi tutatoa sisi.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI (JUMATANO)

1. Kati ya kuacha, kuambatana na kuwa mwili mmoja, ni hatua gani imekuwa ngumu zaidi nyumbani kwako? Waliooana, jibuni kila mmoja kwa uaminifu.
2. Wazazi: je, kuna sharti mliloweka la mahari au harusi ambalo linawazuia watoto wenu kufunga ndoa? Mko tayari kuliondoa?
3. Mnajua majirani au ndugu walio katika njoo-tukae? Kikundi chenu kinaweza kuwasaidia vipi bila kuwaaibisha?

TUOMBE

Baba, wewe ndiwe uliyemleta mke wa kwanza kwa mume wa kwanza. Tunaomba kwa ajili ya nyumba zilizoanza bila wewe. Ingia, hata sasa. Waponye dada waliorudishwa na akina mama waliozika kama wageni. Wape wanaume wetu ujasiri wa kujulikana. Wapatie vijana wetu harusi ndogo na ndoa ndefu. Katika jina la Yesu. Amina.